Sungura na Gari la Wazee

Hori ya Dubai inaishia kwenye tope na mikoko, mahali paitwapo Ras Al Khor, na hapo ndipo heroe hukusanyika msimu wa baridi. Ukiwaacha ukaingia ndani kuelekea Al Aweer, unafika soko la magari la DUCAMZ, lililoanzishwa mwaka 2000. Humo usukani uko kulia. Dubai wanaendesha usukani ukiwa kushoto, kwa hiyo magari hayo si ya mjini. Mengi yametoka Japani na yanangoja meli ya Mombasa au Dar es Salaam. Zamani majahazi ya Ghuba yalishuka na kaskazi hadi pwani yetu yakiwa na tende, yakapanda na kusi yakiwa na boriti za mikoko za kujengea nyumba. Njia ni ile ile, shehena ndiyo iliyogeuka.

Katika soko hilo alifika Sungura wa Mombasa. Ukoo ulikuwa umechanga fedha ili anunue gari moja la kutumiwa na wote: kumpeleka Bibi kliniki, kubeba mboga kutoka Kongowea, na Jumamosi kumbeba bibi harusi. Walimwambia alete gari zuri. Hawakumwambia zuri kwa nani, na hilo Sungura alilijaza mwenyewe.

Fisi dalali akampokea kwa heshima zote. "Karibu, bosi wangu. Kijana kama wewe hapandi kitu cha hivi hivi." Akampeleka moja kwa moja kwenye Mark X nyeusi yenye injini ya V6, lita 2.5, inayosukumwa na magurudumu ya nyuma. Akaiwasha. Iliponguruma, makinda wa heroe waliotoroka tope lao kuja kutazama walipiga mbawa kwa furaha.

Mstari wa pili ilisimama Premio nyeupe ya cc 1500. Sungura akauliza bei yake, kwa kutaka kujua tu. Fisi akacheka hadi akashika mbavu. "Hilo? Hilo gari la wazee! La mwalimu mkuu anayehesabu siku za kustaafu." Makinda wakalidaka neno hilo, soko zima likavuma: gari la wazee, gari la wazee.

Lakini Sungura hakupewa masikio yale bure. Alisikia bei ya Mark X ikishuka mara mbili kabla hajaomba ipunguzwe, na ya Premio haikushuka hata dirhamu moja. Akataka shauri lipelekwe kwa Ngamia, mwamuzi wa soko.

Ngamia akaketi kivulini akaamuru mashtaka yasomwe. Fisi akasema Premio haina mwendo, haina sura, na hata huko Japani walioinunua walikuwa watu wazima waliokwisha kulea. Ngamia akajibu kwamba hilo la mwisho lina ukweli, liandikwe.

Nami nasimama na Ngamia hapo. Premio ilizaliwa katika ukoo wa Corona, jina lililoanza mwaka 1957, na hadi toleo lake la mwisho ilikuwa na upana wa milimita 1,695, ili isivuke mita 1.7, kikomo ambacho Japani wameyawekea magari madogo. Ndiyo maana inapita kichochoroni. Kiti chake hakimlazimishi mtu kujitumbukiza, na ukishika usukani unajua gari linaishia wapi mbele na nyuma. Kweli, liko chini na njia ya mawe italikwangua tumbo, na mwenye kupenda kukata kona kwa kasi hatapata raha yake humo. Lakini gari lililohurumia magoti ya mzee limemkosea nini kijana? Wote hupita mlango mmoja. Tumezoea kukiona kitu kilichomfaa mzee kuwa kimekwisha thamani, na jambo hilo linaniuma zaidi ya habari zote za injini.

Shahidi wa kwanza alikuwa Kunguru. Huyu ana ndugu kila bandari. Wengine walifikishwa Unguja miaka ya 1890, na tangu hapo hakuna paa la pwani wasilolijua. Akasema: "Nimekaa juu ya nguzo pale Likoni nikaitazama foleni ya feri. V6 inakunywa mafuta ikiwa imesimama, na mwenyewe anachungulia mshale kuliko anavyotazama bahari. Na vijana wanaoicheka Premio barabarani nimewaona alfajiri ya harusi wakimwomba baba funguo."

Akafuata Paka wa Deira. "Hapa Dubai kashfa hiyo hiyo wameivisha Camry," akasema. "Wanasema ni gari la teksi. Sawa, ni la teksi! Yenye paa jekundu inamshusha dereva wa mchana na kumpakia wa usiku, na kiangazi joto linapita nyuzi 45, nayo haijapumzika. Mwaka 2013 polisi wa mji huu waliletewa Lamborghini, watu wakaja kupiga picha. Lakini saa nane za usiku, mama mwenye mtoto mwenye homa anaiinulia Camry mkono."

Fisi akaona shauri linamponyoka, akawaita makinda wa heroe wawe mashahidi wake. Walipopangwa mbele ya Ngamia, kila mmoja alionekana yu rangi ya majivu. Bibi kizee wa heroe, mwekundu hadi kwenye kwapa, akaomba ruhusa ya kusema. "Wajukuu zangu, hakuna heroe anayetoka yaini na wekundu huu. Unaliwa kidogo kidogo topeni, mwaka baada ya mwaka. Ninyi mnaomcheka mzee kwa uzee wake, rangi mnayoitamani mnaiona kwa nani?"

Ngamia hakuwauliza makinda lolote. Alimgeukia Sungura. "Mwanangu, fedha hizi ni za nani?"

"Za ukoo, shekhe."

"Nani alitoa nyingi?"

Sungura akainamisha masikio. "Bibi. Aliuza nazi za misimu miwili."

"Na Bibi yako ni kijana?"

Baraza likacheka, Sungura naye akacheka, kisha akatoa fedha akailipia Premio. Bei haikupungua. Gari likapelekwa bandarini, na lilipofika Kilindini, Bibi alikaa kiti cha mbele bila kushikwa mkono, akataka jina lake liandikwe kwenye logibuku, na kabla ya kufika nyumbani alikuwa amekwisha kuombwa gari kwa harusi mbili.

Kule Al Aweer, Fisi alingoja soko lifungwe, akampigia simu mshirika wake wa Yokohama amtafutie Premio nyingine mbili, moja ya kuuza na moja ya mama yake. Mshirika akamjibu aandae fedha zaidi: kiwanda kiliacha kuziunda mwaka 2021, na Kenya haipokei gari lililozidi miaka 8, kwa hiyo zinazoweza kuvuka zinapungua kila mwaka. Fisi akasema atalipa.