Risala Fupi ya Elimu-Giza: Koo Sita za Kamera na Uongo wa Kila Mmoja

Mwaka 1735 Carl Linnaeus alichapisha Systema Naturae, na tangu siku hizo hakuna mdudu anayetambaa bila kupewa ukoo na jina la Kilatini. Giza halikupata bahati hiyo. Picha zote zinazopigwa baada ya Magharibi hutupwa kapu moja na kuitwa mbaya, jambo ambalo ni aibu kwa taaluma. Risala hii inaziba pengo hilo kwa kanuni moja tu: kamera ya usiku huainishwa kwa uongo inaouchagua.

Tuanze na giza lenyewe. Jua la saa sita mchana humwaga karibu luksi 100,000. Mwezi mpevu hutoa kama robo ya luksi. Kati ya hapo na hapo mwanga umepungua mara 400,000, na ndani ya pengo hilo mtafiti makini hukuta jamii tatu. Ya kwanza ni Giza la Ukumbi, kwa Kilatini cha kujitungia Obscuritas harusiensis, ambamo mwanga upo ila umeharibiwa na taa za zambarau zinazozunguka juu ya meza ya maharusi. Ya pili ni Giza la Kibatari, linalozuka umeme ukikatika. Mwanga wake ni wa manjano na bluu karibu haimo kabisa. Ya tatu ni Giza la Mbalamwezi. Hapa binadamu anatembea bila kujikwaa lakini haoni rangi, kwa sababu seli za jicho zinazotofautisha rangi zimeshalala, na zilizobaki kazini ni za aina moja tu. Kwa hiyo mtu anayelalamika kwamba simu yake haikutoa rangi sahihi ya kanga chini ya mbalamwezi analalamikia kitu ambacho yeye mwenyewe hakukiona. (Mjusi, kwa upande wake, ana haki ya kulalamika. Mwaka 2004 watafiti Lina Roth na Almut Kelber walionyesha kwamba aina moja ya mjusi wa usiku hutofautisha rangi katika mwanga hafifu wa mwezi, kwa jicho linalokadiriwa kuwa na uwezo wa kuona rangi gizani mara 350 kuliko letu. Yule aliye ukutani kwako huenda anajua mengi kuhusu mapazia yako.)

Sasa chenga, vile vidoadoa vinavyochafua picha ya gizani. Wengi wanaamini chenga ni ubovu wa simu. Sehemu kubwa ni tabia ya mwanga wenyewe, ambao huja kwa punje ziitwazo fotoni, na punje hizo hazipangi foleni. Pikseli ikitarajia fotoni 10,000, hesabu yake itayumba kwa kama 100, yaani asilimia 1, na hakuna atakayejua. Ikitarajia 100, itayumba kwa 10. Ikitarajia 9, itayumba kwa 3, na hapo shavu la bibi harusi linakuwa changarawe. Hakuna fundi anayeweza kuirekebisha hesabu hiyo. Kinachowezekana ni kukusanya fotoni nyingi zaidi, na koo zote sita zimezaliwa kwa kugombana juu ya namna ya kuzikusanya.

Ukoo mkongwe ni wa Wabayer. Kihisi cha kamera hakijui rangi, kinahesabu mwanga tu. Bryce Bayer, mhandisi wa Kodak, aliomba hataza mwaka 1975 ya kukifunika kwa vichujio vidogo vidogo, nusu kijani, robo nyekundu, robo bluu. Kila kichujio ni bawabu wa ukumbi anayewarudisha wageni wawili katika kila watatu kwa sababu hawakuvaa sare. Mchana, wageni wakiwa maelfu, ukumbi unajaa vilevile. Usiku wamekuja tisa, na sita wamerudishwa nyumbani. Tena kila pikseli inajua rangi moja tu. Mbili nyingine inaazima kwa majirani, kwa hiyo hata picha ya mchana kweupe theluthi mbili za rangi yake ni makisio. Uongo wa Wabayer ni wa kistaarabu, na simu nyingi duniani ni za ukoo huu au watoto wake.

Kundi la Dirisha Wazi liliona ubadhirifu huo likachoka. Mwaka 2007 Kodak hiyohiyo ilitangaza mpango wa kuacha baadhi ya pikseli bila kichujio chochote, ikiahidi uwezo mara mbili hadi nne zaidi gizani. Pikseli tupu huchora umbo la picha kwa mwanga mwingi, na zile chache zenye rangi hulipaka umbo hilo. Hila hii inafanya kazi kwa kuwa jicho letu husamehe zaidi rangi iliyochorwa ovyo kuliko linavyosamehe umbo lililochorwa ovyo. Tatizo ni vitu vidogo: uzi mwekundu kwenye pindo la gauni unaweza kupauka au kugeuka jamaa wa kahawia. Mwaka 2022 ukoo huu uliingia katika Tecno Camon 19 Pro kwa kihisi cha Samsung, na kwa kuwa Tecno ni chapa ambayo kila mpita njia wa Kariakoo anaijua, hawa sasa ni ndugu zetu.

Wanjano ni wajanja zaidi. Simu ya Huawei P30 Pro ya mwaka 2019 iliondoa kijani ikaweka njano, kwa sababu kichujio cha njano hupitisha nyekundu na kijani pamoja. Kampuni ilitangaza nyongeza ya mwanga ya asilimia 40. Lakini kijani kinahitajika bado, na hupatikana kwa kutoa nyekundu kwenye njano. Hapo ndipo hesabu inapomsaliti mjanja: mwanga ukiutoa kwa mwanga hupungua, ila chenga za pande mbili hazitoani, zinajumlishwa.

Watabaka, wanaojulikana tangu kamera ya Sigma SD9 ya mwaka 2002, hawana vichujio. Silikoni humeza bluu karibu na uso na nyekundu chini kabisa, kwa hiyo wao husoma rangi kwa kina. Nadharia nzuri, usiku mbaya: tabaka zinachanganyikiana, na kuzitenganisha kunaamsha chenga zilizolala.

Watawa hawasemi uongo hata kidogo. Kamera ya Leica M Monochrom ya mwaka 2012 haina kichujio na haitoi rangi. Tunawaheshimu, kisha tunaendelea na mada.

Wa sita ni Wachangishaji, nao ndio wanaotawala sasa. Badala ya kubadili kihisi, wanapiga picha nyingi na kuzijumlisha. Night Sight ya Google, iliyotoka Novemba 2018, hupiga hadi 15 kwa mkono mtupu, huzipanga zilingane, kisha huzichanganya. Hata ukijumlisha picha 16, chenga hupungua mara nne, si mara kumi na sita. Mchango una faida inayochoka. Baada ya hapo programu iliyofunzwa kwa picha nyingi hukisia rangi ya taa na kuirekebisha. Ukimtumia Mchangishaji katika Giza la Kibatari anakuletea sebule iliyowaka kana kwamba umeme haukukatika, na hapo nadhani ukumbusho umeshageuka tangazo.

Uongo mzito kuliko yote, hata hivyo, haumo katika koo bali katika ngozi. Ngozi nyeusi hurudisha mwanga kidogo, kwa hiyo ndiyo ya kwanza kuzama katika chenga, na programu ya kusafisha chenga huisafisha ngozi nayo: inailainisha, inaifanya ya majivu, au inaing'arisha bila ruhusa. Desturi hii ina wazee wake. Kwa miongo kadhaa maabara za kusafishia picha zilipima rangi kwa kadi za Kodak zilizoitwa Shirley, zenye picha ya mwanamke mzungu, na sisi wengine wote tulitoka kwenye karatasi kadiri Shirley alivyoruhusu. Google ilikuja na Real Tone, mpango wake wa kuonyesha ngozi za rangi zote kwa usahihi, mwaka 2021, na Tecno imejenga soko lake Afrika kwa kuipa ngozi yetu kipaumbele. Ni maendeleo. Lakini kuna kuonyesha uso mweusi ulivyo, na kuna kuuongezea nuru hadi mwenyewe asijitambue. Watengenezaji wengi bado wanaita yote mawili ubora.

Kwa hiyo, msomaji, ukienda kununua simu usiulize megapikseli. Kihisi kidogo kilichokatwa vipande milioni 48 mara nyingi huviunganisha vinne vinne kikifika usiku, na wewe unaondoka na milioni 12. Chukua kitambaa cha maruni na kingine cha zambarau, nenda na mtu mweusi hasa, mwombe muuzaji azime taa za duka, piga, kisha washeni mlinganishe. Akikataa kuzima, jaribu duka la pili.