Namna ya Kulifikisha Shimo Lako Seneti

Umeamua. Matatu imetumbukia tena, kichwa chako kimegonga paa, na mama aliyeketi kando yako na trei ya mayai mapajani amenyamaza kimya cha mtu anayepiga hesabu. Ukatamka, gari zima likisikia, kwamba safari hii shimo hili litafika Seneti. Hongera. Wengi huishia kumlaumu makanga. Mwongozo huu utakushika mkono kutoka Mishomoroni, Mombasa, hadi Nairobi. Usiruke hatua hata moja: anayeruka hugundua mapema mno kwamba barabara haijengwi, na kugundua mapema huondoa ladha yote.

Kwanza, mjue mwenye shimo. Usiseme "la serikali". Hiyo si anwani. Sheria ya Barabara ya 2007 iliunda mamlaka tatu: KeNHA ya barabara kuu, KURA ya barabara za mijini na KeRRA ya barabara za mashambani. Ikaja Katiba ya 2010 na kaunti zake, nazo zikapewa barabara zao. Nenda ofisi ya kwanza, utaelekezwa ya pili. Nenda ya pili, utaulizwa kama ya kwanza umeshafika. Kuwa na adabu kote, maana utarudi. Kisha ulijue shimo liko wadi gani. Kisauni, eneobunge la Mishomoroni, lina wadi saba: Mjambere, Junda, Bamburi, Mwakirunge, Mtopanga, Magogoni na Shanzu, na shimo lenye ustaarabu huchagua moja. Mwakilishi wa wadi atakuonyesha mpaka kwa furaha kubwa, hasa ikiwa shimo lako liko ng'ambo yake. Tahadhari: shimo lililokaa mpakani kabisa halina mwenyewe. Ukilikuta limepandwa mgomba katikati, ujue wenzako walishapita hatua hii.

Pili, chagua mheshimiwa. Mbunge ana hazina ya eneobunge, lakini atakueleza kwamba ile ni ya madarasa na karo. Gavana ana bajeti, na bajeti ina foleni. Seneta hana hazina ya kujenga chochote; kazi yake ni kuitetea kaunti, kutunga sheria, kugawa mapato na kumchunguza gavana. Alicho nacho ni kipaza sauti, nacho huwashwa na Spika akitaka. Ndiye mtu wako. Usimwombe kifusi wala greda. Mwombe aseme.

Namna ya kumpata ni rahisi. Mwishoni mwa wiki waheshimiwa hupatikana harusini na misibani. Ukimkuta msibani, ngoja dua iishe na watu waanze kahawa. Amkuana naye, muulize hali ya nyumbani, umpe pole ya safari. Mwite Mheshimiwa hata kama mlisoma darasa moja na bado unamdai kalamu. Shimo litaje mwisho, kama jambo lililokujia wakati huo huo. Atatikisa kichwa kwa huzuni na kumgeukia kijana aliye nyuma yake amwambie aandike. Tahadhari: kijana hana kalamu.

Usiikosee heshima taasisi yenyewe, ina historia ngumu. Seneti ya kwanza ilianza 1963 na kufutwa 1966. Ikarudi kwa uchaguzi wa 2013, na tangu hapo Mombasa imechagua watu wawili tu kwenye kiti hicho: Hassan Omar Hassan, kisha Mohamed Faki kuanzia 2017.

Tatu, andika ombi. Katiba, Kifungu cha 119, inampa kila mtu haki ya kuliomba Bunge lishughulikie jambo, na sheria ya 2012 inaeleza ombi liweje. Hapa tulia, maana ndipo penye uhondo. Liandikwe kwa Kiswahili au Kiingereza. Kama lina kurasa zaidi ya moja, kila ukurasa utaje linahusu nini. Useme ulishajaribu kwa nani mwingine na ulijibiwa nini. Kumbe zile ofisi mbili zilizokuzungusha hazikukupotezea muda, zilikuwa zinakuandalia kiambatisho. Useme kama jambo liko mahakamani, kwa sababu likiwa huko kila mheshimiwa atakuwa bubu ghafla. Lugha iwe ya heshima na ya kiasi. Usiandike "shimo limetumaliza". Andika "hali ya barabara inawatia wakazi wasiwasi". Ufunge kwa ombi lililo wazi na lenye adabu. "Tumechoka" si ombi. Halafu kuna sharti ninalolipenda kuliko yote: maandishi yasiwe na mfuto wala maneno yaliyochomekwa kati ya mistari. Ukikosea, andika ukurasa upya. Karatasi hairuhusiwi viraka, hata kama barabara inavililia.

Kamati hupewa siku 60 kulijibu. Tahadhari: ukilipeleka wakati wa masika, jibu litakukuta kiangazi, shimo likiwa la vumbi, na utaulizwa yale maji unayolalamikia yako wapi.

Nne, siku yenyewe. Seneta mwerevu hatangoja ombi lako limalize safari. Atasimama kuomba Kauli, yaani maelezo rasmi, kutoka kwa kamati ya Seneti inayohusika na barabara. Vikao vya alasiri huanza saa nane na nusu. Washa televisheni mapema, lakini usikae karibu sana. Kwanza kuna sala. Kisha huenda kukawa na kengele, kwa sababu akidi ya Seneti ni maseneta 15 na Katiba haikusema watoke wapi. Kengele italia dakika kumi. Zitumie vizuri: chemsha chai, anika nguo.

Akidi ikitimia, Spika atatangaza wageni. Kutakuwa na wanafunzi waliokuja kujifunza jinsi sheria zinavyotungwa, wamekaa juu kwenye roshani na sare zilizopigwa pasi. Seneta wa kaunti yao atasimama kuwakaribisha. Seneta aliyewahi kupita kaunti yao atasimama kuwakaribisha. Seneta aliyeoa huko atasimama pia. Watahimizwa wasome kwa bidii ili siku moja nao wakae humu. Kisha wanafunzi wataondoka, basi lao lisije likachelewa barabarani. Hawakusikia lolote kuhusu barabara.

Sasa ndipo shimo lako litatajwa. Usitarajie kulisikia kwa jina. Shimo la Mishomoroni, likisafiri, huitwa "hali mbovu ya barabara katika eneobunge la Kisauni, Kaunti ya Mombasa", na kufika hapo limeshapata hadhi. Huenda ukalisikia kwa Kiswahili safi, maana Seneta Faki huchangia kwa Kiswahili, na Kanuni za Kudumu zinataka anayeanza kwa lugha moja aimalize hotuba yake kwa lugha hiyo hiyo. Usiichukulie kanuni hii kama adhabu. Ni pahali pekee katika usafiri wa Kenya ambapo aliyeanza safari hulazimika kuifikisha mwisho kwa gari alilopanda.

Halafu wataunga mkono. Jiandae, hapa ndipo wasio na uzoefu hulia. Kila anayesimama atamshukuru Spika kwa fursa, atampongeza Seneta wa Mombasa kwa kuleta jambo zito kama hili, kisha atasema kwamba hata kwao. Hata kwao kuna barabara. Hata kwao kuna daraja lililobebwa na mto. Wa nyanda za juu ataeleza maziwa yanavyoharibika njiani, wa kaskazini ataeleza kilomita ambazo hazijawahi kuonja lami, na mtu mmoja atauliza kwa uchungu wa kweli kuhusu uwanja wa ndege. Mtu atainuka kwa hoja ya nidhamu, atajibiwa kwamba hiyo si hoja ya nidhamu, naye atakaa akiwa ameshasema alichotaka. Baada ya nusu saa shimo lako litakuwa limeenea nchi nzima, na kitu kilichoenea nchi nzima hakiwezi kuzibwa kwa lori moja la kifusi, ndugu yangu; kinahitaji sera.

Usiweke matumaini kwa Spika pia. Ni kweli Amason Kingi ni mtu wa Pwani, alikuwa gavana wa Kilifi mihula miwili, na ukitoka Mishomoroni kwenda kwao ni kuvuka Mtwapa tu. Lakini anayekalia kiti kile hachangii mjadala. Yeye huwataka wengine wafupishe.

Tano, ngoja Waziri. Siku hizi mawaziri hufika Seneti wenyewe kujibu maswali, na ni jambo la kusifiwa, kwa sababu zamani jibu lilikuja kwa karatasi na ulikuwa huwezi kuiona sura ya karatasi. Mtazame Kipchumba Murkomen: alikuwa seneta wa Elgeyo Marakwet kuanzia 2013 hadi 2022, akiuliza. Oktoba 2022 akawa Waziri wa Barabara na Uchukuzi, akijibu, hadi Julai 2024. Mtu akishakaa pande zote mbili za swali, ungedhani jibu litafupika.

Jibu lenyewe likariri, ili likija usishtuke. Barabara imetambuliwa. Tathmini imefanyika. Kazi itaanza fedha zikipatikana. Hapo utaanza kusema kwamba fedha unazitoa mwenyewe, na ni kweli: tangu Julai 2024 ushuru wa matengenezo ya barabara ni shilingi 25 kwa kila lita ya mafuta, kutoka 18, na dereva wa Mishomoroni haulipi kwa pesa zake, anakutoza kwenye nauli. Kwa hiyo kila matatu inayokurusha shimoni inakusanya pesa za kuliziba. Zikishakusanywa hugombaniwa: magavana na wabunge walivutana juu ya shilingi bilioni 10.5 za ushuru huo, kila upande ukidai barabara ni zake. Tahadhari: huo ndio wakati pekee utakapowasikia watu wakidai kwamba barabara ni zao. Usiutumie kuwauliza shimo ni la nani.

Ukikata tamaa, jilinganishe na makubwa. Jedwali la Nne la Katiba limeiorodhesha feri kati ya kazi za kaunti, kwa maandishi yanayosomeka mchana na usiku. Nenda Likoni uulize feri ni ya nani. Utaonyeshwa Halmashauri ya Bandari, ambayo si ya kaunti. Au chukua makasha ya bandarini. Agosti 2019 iliamriwa kwamba mizigo ya kwenda bara ipakiwe kwenye reli ya SGR, na madereva wa malori, wenye gereji na mama ntilie wa Changamwe hadi Mariakani wakabaki wakitazama garimoshi likipita. Jambo lilisemwa Seneti, likasemwa Bungeni, kila mtu akalisema vizuri. Watu wakaandamana mjini Jumatatu baada ya Jumatatu. Novemba 2020 Mahakama Kuu ikasema amri ile ilivunja Katiba. Mwishowe Septemba 2022, siku ya kuapishwa kwake, Rais William Ruto akatangaza kwamba shughuli za kutoa mizigo zirudi Mombasa. Watu wakashangilia. Piga hesabu mwenyewe ni ipi kati ya hizo ilikuwa Kauli chini ya Kanuni za Kudumu. Polepole tu, hakuna haraka.

Sita na mwisho, pata Hansard, kumbukumbu rasmi ya mijadala. Hiyo ndiyo tuzo yako, usiidharau. Kila neno lipo: shukrani, pongezi, kengele, wanafunzi, na kati yao mstari mmoja au miwili iliyotaja Kisauni. Ichapishe kwenye saiba. Mwonyeshe mkeo au mumeo, mwonyeshe na makanga. Lakini kabla hujaipeleka kwenye ofisi yoyote, soma chini ya ukurasa. Imeandikwa kwamba nakala ya mtandaoni ni ya kutoa habari tu, na kwamba iliyothibitishwa hutolewa na Mkurugenzi wa Hansard, Seneti. Nairobi. Basi huondoka Mombasa usiku. Beba shuka, na nakala ya kitambulisho.

Yawezekana, ukiwa safarini huko, lori likaja. Hutokea, hasa mwaka wa uchaguzi, na ujao ni Agosti 2027. Litamwaga kifusi, kijana atakisawazisha kwa koleo, mtu atapiga picha, na waheshimiwa wanne, kila mmoja kwa wakati wake, watasema walilipigania. Wote wanasema kweli. Wewe shukuru, tena kwa sauti. Ila usije ukajisifu kwa jirani kwamba ni wewe uliyelifikisha Seneti. Atakushika mkono palepale akuonyeshe jingine, hatua kumi mbele, upande wa wadi ya pili.