Barua ya Wazi kwa Mwenye Dhamana ya Linux ya Mezani

Mheshimiwa Mwenye Dhamana,
Linux ya Mezani,
S.L.P. (tafadhali jaza mwenyewe).

YAH: MAOMBI YA VIJIPICHA, PRINTA NA MTU WA KUULIZWA

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Awali ya yote naomba radhi kwa anwani hiyo. Nimeitafuta ofisi yako kwa nia njema nikaambulia patupu. Linus Torvalds, ambaye wengi wetu tulidhani ndiye mwenye mali, anatunza kerneli tu, yaani kiini cha mfumo, na kerneli mtumiaji haioni kwa macho. Linux Foundation ina wanachama wazito, lakini wazito hao ni watu wa seva. Watengenezaji wa maeneo-kazi, GNOME wana kwao, KDE wana kwao. Canonical, wenye Ubuntu, ni kampuni. Debian, waandaaji wa aina nyingine ya Linux, huchagua kiongozi kila mwaka kwa kura halali kabisa, isipokuwa katiba yao inasema wazi kwamba hakuna anayelazimika kufanya kazi yoyote. Basi nimeamua kukiandikia kiti, nikitumaini iko siku mtu atakikalia.

Pili, pongezi, maana barua isiyo na pongezi haisomwi. Tangu Novemba 2017 kompyuta zote 500 zinazoongoza duniani kwa kasi zinaendeshwa na Linux. Aprili 2021 helikopta ndogo ya NASA, Ingenuity, iliruka kwenye sayari ya Mirihi ikiwa na Linux ndani yake. Kila dereva wa bodaboda mwenye simu ya Android anatembea na kerneli yako mfukoni bila habari. Sisi wenye steshenari, tunaochapia watu nyaraka, tunajivunia mafanikio hayo. Tunachouliza tu ni kama mfumo uliofika Mirihi unaweza kunichapia kurasa mbili, mbele na nyuma, bila kunipitisha teminali.

Suala la printa nalieleza kidogo. Mteja kaleta flashi, kazi iko tayari, nabofya kuchapa. Printa inanguruma, inanyamaza, inawasha taa nyekundu: inadai karatasi ya Letter. Letter, Mheshimiwa, ni ukubwa wa Kimarekani ambao duka langu halijawahi kuuza hata ukurasa mmoja. Hapa tunatumia A4, na ninavyojua mimi, karibu dunia nzima nayo. Pa kurekebisha si kwamba hapapo. Papo patatu: kwenye mipangilio ya mfumo, ndani ya programu unayochapia, na kwenye ukurasa wa CUPS, mfumo wa kuchapa, unaofunguliwa kwa kivinjari kwa kuandika anwani yenye namba 631, namba ambayo mtu asipokunong'oneza hutaijua hadi unaingia kaburini. Ukirekebisha pawili, pa tatu ndipo panaposhinda. Wakati huo mteja anaangalia saa, na ng'ambo ya barabara kuna steshenari nyingine.

Sasa nije kwenye kiini cha barua, yaani vijipicha: picha ndogo zinazokuonyesha faili kabla hujaifungua.

Kwa miaka mingi mambo yalikuwa hivi: mwombaji wa mkopo wa chuo anatakiwa kupandisha picha yake ya pasipoti saizi kwenye fomu ya mtandaoni. Anabofya, kidirisha cha kuchagua faili kinafunguka, na mbele yake zinajipanga picha za simu nzima: IMG, tarehe, namba, IMG, tarehe, namba. Sura hakuna, ni majina matupu. Iliwezekana kubofya moja moja ukaiona pembeni, kama una subira na mteja ana subira. Picha ya mwombaji, ya harusi ya binamu yake na ya mbuzi wa Idi zote zinaanza na IMG. Ombi la kuweka vijipicha ndani ya kidirisha hicho cha GTK, ambacho ndicho GNOME na programu nyingi nyingine hukitumia, liliwasilishwa mwaka 2004.

Mtoto aliyezaliwa mwaka huo alianza darasa la kwanza 2011, ombi likiwa mezani. Alimaliza la saba 2017, ombi likiwa mezani. Akafanya mtihani wa kidato cha nne 2021. Machi 2023, akiwa kidato cha tano, ilitoka GNOME 44, na ndani yake vijipicha. Nampongeza aliyeimaliza kazi ile, nasema kwa dhati. Lakini nakumbuka pia yaliyofanyika wakati tunasubiri. Mwaka 2011 GNOME 3 ilikuja bila kitufe cha kupunguza dirisha. Mwaka 2017 kile kisanduku cha ikoni ndogo za programu zinazoendelea kufanya kazi kikaondolewa. Mwaka 2018 zikaondolewa ikoni za kwenye eneo-kazi, zile ambazo mama zetu huzitumia kama sebule, kila kitu kikiwa kimetandazwa palepale kinapoonekana. Kwa hiyo tusiambiwe kuwa nguvukazi haikuwepo. Ya kuondoa ilikuwepo muda wote.

Wahenga walisema manahodha wengi, chombo huenda mrama. Laiti ingekuwa hivyo! Kwako kila nahodha kaunda chombo chake, na abiria tuko ufukweni tunaonyeshwa rangi za matanga. KDE ilianza 1996. Mwaka uliofuata ikazaliwa GNOME, kwa sababu KDE ilijengwa juu ya Qt, na leseni ya Qt wakati huo haikuwa huria ya kutosha. Hoja ilikuwa nzito, sikatai. Mwaka 2000 Qt ikawekwa chini ya leseni ya GPL, sababu ya ugomvi ikaisha, ila ugomvi wenyewe haukupewa taarifa. GNOME 3 ilipotoka, waliokasirika wakachukua GNOME ya zamani wakaipa jina MATE, wengine wakatengeneza Cinnamon, na Ubuntu wakawa na Unity yao waliyoinadi kwa miaka kadhaa hadi 2017 walipotangaza kuiacha na kurudi GNOME. Kila hatua ilikuwa na uzinduzi wake na mandhari mpya ya ukutani. Printa yangu muda wote huo ilikuwa inadai Letter.

Ukitaka kusakinisha programu, pia, umepewa wigo mpana. Kuna aina nyingi za vifurushi: ipo deb, ipo rpm. Kwa kuwa mbili ni mkanganyiko, ikaletwa Snap ili kumaliza mkanganyiko. Flatpak ikaja kuumaliza kwa njia iliyo bora zaidi. AppImage nayo iko pembeni inaumaliza kivyake. Torvalds mwenyewe, akiongea kwenye mkutano wa Debian mwaka 2014 huko Portland, alilalamika kwamba Subsurface, programu yake ya kumbukumbu za kupiga mbizi, inatolewa tayari kwa watumiaji wa Windows na wa Mac, huku kuiandaa kwa ajili ya Linux kukiwa ni adha tupu. Kama yeye analia, sisi wa mwisho wa foleni tumlilie nani?

Najua jibu tutakalopewa, maana tumeshapewa. Kwanza tutaambiwa kwa fulani inafanya kazi vizuri. Kisha tutaambiwa tusome mwongozo. Tukiusoma tukarudi, tutaambiwa distro (aina ya Linux) tunayotumia ndiyo mbaya, tuhamie nyingine. Mwisho litakuja lile jibu kubwa: programu ni huria, msimbo huo hapo, rekebisha mwenyewe. Ni kweli, Mheshimiwa. Nimepewa uhuru wa kusoma msimbo wote. Uhuru ambao sijapewa ni wa kutousoma nikaendelea na kazi yangu ya kuchapa barua za watu.

Nisiwe mchoyo wa fadhila. Kuna waliosikia. Kwa miaka mingi mtu aliyesakinisha Debian kwenye laptopu ya mtumba alikuwa akikuta waifai haiwaki, kwa sababu fimwea ya kifaa hicho haikuwa huria na hivyo haikuruhusiwa ndani ya kisakinishi rasmi. Akiuliza ataipata wapi, anaelekezwa aipakue kwenye intaneti. Intaneti ambayo ndiyo anayoitafuta. Mwaka 2022 Debian wakapiga kura, wakakubali kuiweka fimwea hiyo ndani, na toleo la 12 la Juni 2023 likaja nayo. Ni mara chache demokrasia inamfikia mwananchi namna ile.

Halafu kuna CV. Mtu ameiandika ofisini kwa mjomba wake, kwenye Microsoft Word, kwa fonti ya Calibri ambayo kwa miaka mingi, tangu toleo la 2007, ilikuwa ya kuanzia kwenye Word. Naifungua kwangu kwenye LibreOffice. Calibri haipo, mfumo unachukua fonti nyingine iliyo pana kidogo, mistari inasukumana, jedwali la elimu linakatika katikati.

"Kaka," ananiuliza binti mwenye CV yake, "mbona wadhamini wangu wamehamia ukurasa wa tatu?"

Nimwambie nini? Kwamba kosa ni la leseni ya fonti? Ndivyo ilivyo kwa haki, lakini usaili wake ni kesho saa mbili asubuhi. Dawa ipo, inaitwa Carlito, fonti huria ambayo kila herufi yake ina upana uleule wa Calibri, na ukiiweka wadhamini wanarudi ukurasa wa pili kwa adabu zote. Distro nyingine huja nayo. Nyingine hukuachia uigundue mwenyewe, bila shaka ili ujifunze. Fomu za taasisi za umma zinazokuja kama lahajedwali zenye makro sizigusi humu. Hizo nimemwachia Mungu.

Jambo moja nalisema bila utani. Orca, programu inayowasomea wasioona yaliyo kwenye skrini, ilikua kwa sehemu kubwa kwa sababu kampuni ya Sun ilikuwa inawalipa watu waifanyie kazi. Oracle ilipoinunua Sun mwaka 2010, watu hao wakapunguzwa. Hawakuwa wengi tangu mwanzo. Tangu hapo kazi hiyo imebebwa na mabega machache mno, na kila GNOME au KDE wanapobomoa ukuta ili kujenga upya, asiyeona ndiye wa kwanza kujigonga. Mtu wa namna hiyo utamwambia arekebishe mwenyewe?

Ninavyoona mimi, tatizo si vipaji wala si nia. Ni kwamba hakuna anayelipwa ili mezani pangu pakae sawa. IBM ilikamilisha ununuzi wa Red Hat mwaka 2019 kwa dola bilioni 34, na hakuna hata dola moja humo iliyotolewa kwa sababu ya steshenari. Pesa iko kwenye seva. Mezani wamebaki wa kujitolea wengi na waajiriwa wachache, na anayejitolea hufanya linalomfurahisha: kuanzisha. Kumalizia hakuna anayekupigia makofi. Pale alipopatikana mwenye bajeti na mwenye kuulizwa tuliona matokeo. Kampuni ya Valve walitaka michezo ya Windows icheze kwenye Linux, wakatoa programu ya Proton 2018, wakatoa kifaa cha Steam Deck 2022, na vijana wakakaa kucheza bila kujua Linux ni nini. Hawakuambiwa wasome mwongozo.

Kuzindua bila kumalizia hata sisi Watanzania tunakujua. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, yaani OpenOffice yenye menyu za Kiswahili. Ilikuwa kazi ya heshima. Lakini tafsiri ya programu inadai kufuatiliwa kila toleo jipya linapotoka, mwaka baada ya mwaka, bila utepe wa kukata. Leo ukiitafuta utapata habari zake kuliko kuipata yenyewe.

Naandika sasa kwa sababu muda umewadia. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida kwa Windows 10, na kompyuta nyingi za huku mtaani, ambazo zilishatumika Ulaya kabla ya kutufikia, haziruhusiwi rasmi kuingia Windows 11 kwa kukosa TPM 2.0, kijenzi cha usalama. Wapinzani wako wamekuletea wateja hadi mlangoni, Mheshimiwa, wakiwa wamebeba laptopu zao mikononi. Wenzako wa KDE wameliona hilo wakafanya kampeni. Lakini ninaogopa mteja atakayeingia, akaulizwa anataka distro ipi kati ya mamia, akachagua, akaulizwa eneo-kazi gani, akachagua, kisha akachapa. Manispaa ya Munich, Ujerumani, ilihamishia Linux kompyuta zipatazo 15,000, ikiwa na bajeti na mafundi wake, na mwaka 2017 baraza lake likapiga kura ya kurudi Windows. Siasa zilichangia, ndiyo. Malalamiko ya watumishi nayo yalichangia. Sasa hivi jimbo la Schleswig-Holstein, hukohuko Ujerumani, linajaribu tena.

Kwa hiyo ninaomba mwaka mmoja. Mwaka mmoja tu usizinduliwe kitu. Eneo-kazi jipya lisizaliwe, aina mpya ya vifurushi isiletwe kuja kumaliza mkanganyiko, mandhari ya ukutani ibaki ileile. Mtu mmoja aende nyumba kwa nyumba, GNOME, KDE na kwingineko, akiwa na orodha ya maombi yaliyowasilishwa kabla watoto wetu hawajazaliwa, na asiondoke mlango wowote kabla moja halijafungwa. Aanze na lile la A4.

Nategemea ushirikiano wako.

Wako katika ujenzi wa programu huria,
Mtumiaji wa Kawaida.

Nakala:
Wote waliowahi kuambiwa wasome mwongozo: kwa taarifa.
Fundi wa mtaa wetu: kwa utekelezaji.