Kadi ya Mama Mkwe na Safari ya Veracruz

Tiketi za Veracruz zilikuwa zimeshalipwa kadi ya ukaazi ya mama mkwe ilipopotea. Mwenye pasipoti ya Tanzania huingia Mexico bila viza kwa kuonyesha kadi hiyo ya Marekani; asipokuwa nayo, hatoki hapa Houston.

Tukapekua. Kochi likapinduliwa, mchele ukamwagwa wote kwenye shuka, taka zikachambuliwa uani. Mama mkwe alifungua sanduku lake, akakung'uta khanga moja baada ya nyingine, akazikunja tena taratibu.

"Nendeni tu, wanangu. Mtakuja kunisimulia."

Roho iliniuma, maana safari ni yake. Yeye ndiye aliyevutwa na habari za Yanga, Mwafrika aliyetoroka utumwani akajichimbia milimani na wenzake, bara, mbali na bandari ya Veracruz. Mwaka 1609 Wahispania waliwapelekea jeshi, lisiweze kuwamaliza. Mwishowe wakakubaliwa kuwa na mji wao, watu huru. Mji huo upo, na tangu 1932 unaitwa Yanga. Mama mkwe alisema anataka kuukanyaga kwa miguu yake.

Baba Salma, kwa upande wake, alikuwa ameijaza ratiba ngome ya San Juan de Ulúa, iliyojengwa kwa mawe ya matumbawe kama majumba ya kwetu pwani, na ambamo Benito Juárez alifungwa mwaka 1853 kabla hajawa rais wa Mexico. Salma alitaka ule mkahawa ambao mteja hugonga glasi kwa kijiko ili aongezewe maziwa ya moto kwenye kahawa. Yanga ilibanwa siku ya mwisho, jioni.

Usiku Salma aliinua kifuniko cha mashine ya kunakili aweke kazi yake ya shule.

"Bibi! Kadi yako hii hapa!"

Ilikuwa imelala kifudifudi kwenye kioo. Baba yake aliinakili kwa usalama, akaisahau humo. Alimwomba mama yake radhi huku ameinamisha kichwa.

Mama mkwe hakumgombeza. Aliomba ratiba na kalamu.

"Mnasema Januari upepo wa kaskazini huko huvuma hadi bandari hufungwa?"

"Ndiyo, Mama."

"Basi tukifika tu, Yanga kwanza. Huko bara upepo hautuzuii."

Ngome ikafuata, kisha mkahawa. Ufuo ukawekwa siku ya mwisho, upepo ukiruhusu.