Sahani Sita za Arua

Mwandishi wa safu hii alipanda basi la usiku kutoka Kampala kwenda Arua kutafuta santuri za Franco, yule mwanamuziki wa rumba wa Kongo. Kichwani mwake mji ulikuwa bado ule wa ujana wake: spika mlangoni mwa baa, rumba mpaka alfajiri. Haikuwa ajabu. Mpaka wa Kongo uko pale Vurra, na Idi Amin alipopinduliwa mwaka 1979 watu wengi wa West Nile, eneo la Arua, walikimbilia Zaire (Kongo ya leo) na Sudan. Waliorudi kutoka Zaire walirudi na Kilingala mdomoni.

Sasa Arua ni jiji, tangu Julai 2020, na penye baa aliyoikumbuka pana duka la simu. Kijana wa dukani alimsikiliza kwa adabu.

“Mzee, leta flashi nikuwekee Franco wote.”

Wote! Akaeleza kwamba anataka zile sahani nyeusi za zamani. Kijana akaelewa mara moja, akampeleka sokoni kwa mama muuza vyombo. Kabla mgeni hajafungua mdomo, sahani sita nyeusi za plastiki zilikuwa zimeshafutwa vumbi na kufungwa kwa gazeti. Akalipa. Ungefanyaje?

Kesho yake akafuata lami hadi Koboko, penye kona ya Uganda, Kongo na Sudan Kusini. Huko, uani kwa bibi mmoja Mnubi, aliiona: santuri ya inchi 12 imefunika mtungi wa maji. Lebo imefifia, ila “Mario” linasomeka. Ni ule wimbo wa 1985 wa kijana msomi anayelishwa na mama mtu mzima mwenye fedha.

“Shikamoo, bibi. Naomba kununua hiyo.”

“Marahaba, mwanangu. Huyo Mario kwao alilelewa bure. Hapa kwangu anafanya kazi.”

Akatoa sahani moja ibadilishwe. Bibi akaiweka juu ya mtungi, ikatumbukia, chubwi! Mambo yakaishia kwa sinia jipya kutoka dukani, na sahani iliyozama ikabaki kuwa mali ya bibi.

Kurudi Arua, mwenye santuri akapewa kiti cha mbele, naye akaiweka Mario mbele ya kioo ili isikanyagwe. Jua la West Nile halikuombwa msaada. Walipofika, santuri ilikuwa bakuli.

Nyumbani Kampala sindano huipanda na kuiteremka kama bodaboda kwenye matuta, na Franco anakohoa tu. Sahani tano zilizobaki hazina hata ufa.