Namna ya Kulinganisha Gharama za Vienna na Budapest Ukashinda

Tuseme moyo wako uko Budapest, na rafiki yako anaitetea Vienna. Treni kati ya miji hii miwili haimalizi saa tatu, na begi la mgongoni ni lile lile. Mnachogombania, tuambiane ukweli, si pesa. Ni nani mjanja wa safari. Basi sogea karibu.

1. Chagua mshindi kwanza, hesabu zifuate. Anayeanza na hesabu hujikuta amekubaliana na mpinzani wake.

2. Linganisha vitanda visivyolingana. Budapest, chukua kitanda cha juu kwenye bweni la watu kumi na wawili, Jumanne moja ya Februari. Vienna, chukua chumba chenye bafu lake, wiki ya masoko ya Krismasi. Kote andika "malazi". Nani atauliza?

3. Viza. Kwa pasipoti zetu za Afrika Mashariki, Schengen ni euro 90, na viza hiyo moja inafungua miji yote miwili. Iandike yote upande wa Vienna.

4. Ficha vya bure vya Vienna. Hapa kuna kazi, maana mji ule una aibu kubwa ya vitu vya bure. Maji ya bomba yanatoka chemchemi za milimani, kwa mfereji uliofunguliwa mwaka 1873, na ni matamu kuliko ya chupa: usiyataje. Bustani ya kasri la Schönbrunn unaingia bila tiketi: usiitaje. Mkahawani wanakuletea kahawa na glasi ya maji kwenye sinia, kisha wanakuacha usome gazeti lao mpaka jioni kwa kikombe kimoja. Wewe andika bei ya kikombe tu, kwa wino mwekundu. Kwenye jumba la opera kuna tiketi za kusimama, kwa sehemu ndogo ya bei ya kiti. Sema miguu inakuuma. Na kutoka uwanja wa ndege, hesabu nauli ya treni ya haraka, CAT. Ile S7 ya bei chee inafika kituo kile kile cha Wien Mitte dakika chache tu baadaye, lakini wewe hujawahi kuisikia.

5. Tetea bafu. Mabafu ya maji moto ya Széchenyi, yaliyofunguliwa mwaka 1913, ndiyo yatakayokuumbua: tiketi inazidi forint 10,000. Usiiweke kwenye "starehe". Wahungari wenyewe huandikiwa maji yale na daktari, kwa hiyo iweke kwenye "matibabu", na matibabu hayahesabiwi kwenye gharama za safari. Bia za baa ya Szimpla Kert, kwa kuwa zinanywewa ndani ya jengo kuukuu la mtaa wa Wayahudi, ziingize kwenye "historia".

6. Cheza na forint. Euro moja inaleta forint mia tatu na ushee. Ukitaka kuonewa huruma, taja forint; ukitaka sifa, taja euro. Mashine ya ATM ikikuuliza ukatwe kwa forint au kwa fedha ya kwenu, bonyeza forint, maana kiwango cha mashine ni cha kukunyonya. (Huo ni ushauri wa kweli. Umeniponyoka.)

7. Chupa tupu. Hungaria wanakurudishia forint 50 kwa chupa, Austria senti 25. Ukipiga hesabu vizuri, Austria inalipa zaidi. Usipige hesabu vizuri.

8. Tangaza jibu kwa desimali. "Kama thelathini hivi kwa siku" ni maneno ya mtu wa kubahatisha. Sema euro 31.40, kisha nyamaza unywe chai. Hakuna anayebishana na senti arobaini.

Akitokea mtu aliyewahi kuishi Vienna akaanza kukukosoa, muulize: mwaka gani? Mwaka wowote atakaoutaja, mwambie bei zimepanda tangu hapo. Akisema amerudi juzi, muulize alilala wapi. Popote atakapopataja, tikisa kichwa kwa huruma, umwambie walimpiga.