Maji ya Kwenye Pazia

Hapa Sapiwi, mkoani Simiyu, pamba ikishauzwa na pesa zikatoka, kazi yangu ya kupiga picha hugeuka adhabu. Hakuna anayetaka kusimama mbele ya mbuyu, wala mbele ya ng'ombe wake, ingawa ng'ombe ndio heshima ya nyumba. Wote wanataka "yale maji".

Maji yenyewe ni pazia. Nililinunua Mwanza: maporomoko ya Niagara wakati wa baridi, miti imefunikwa theluji, ukungu umetanda. Nje, upepo wa Julai unapuliza vumbi; ndani, mteja amevaa jaketi la manyoya alilokodi kwangu, jasho linamtoka. Nikimwambia atabasamu, anasema kwenye baridi kali watu hawachekicheki. Vumbi nalo likitua kwenye pazia, theluji inakuwa na rangi ya uji wa mtama, halafu lawama ni zangu. Kijana mmoja aligoma kulipa eti viatu vyake havikuonekana vimelowa!

Mzee mmoja akaniuliza maji yale hukauka mwezi gani. Nikamwambia yaliwahi kukatika mwaka 1848, mwezi Machi, barafu ya Ziwa Erie ilipoziba mto. Watu wakashuka kutembea pale maji yalipokuwa yanapita, na hadi leo kisa hicho kinasimuliwa. Mzee akaguna. Mito yetu inakauka kila kiangazi, watoto wanacheza mpira humohumo, na hakuna aliyewahi kuja kutuandika.

Kinachoniuma zaidi ni huu mto Simiyu. Mwaka 2012 tulipata mkoa, tukaupa jina lake. Shukrani yake? Masika unafurika, unasomba mahindi, kisha unakwenda zake Ghuba ya Speke na kuingia Ziwa Victoria. Maji ya ziwa yanatokea Jinja, yanakuwa Nile, na huko Uganda, kwenye maporomoko ya Murchison, mto mzima unabanwa kwenye ufa wa mita 7 hivi na kutupwa chini zaidi ya mita 40. Watalii wanalipa dola kuyapiga picha. Yaani maji yaliyopita kwetu bila hata kuruka jiwe moja la maana, yakivuka mpaka ndiyo yanaonyesha ufundi! Mimi nimebaki na pazia, na kila upepo ukivuma, Niagara inajikunja katikati.

Juzi akaja mama mmoja na ndoo yake, anataka apigwe picha akichota. Nikamweleza kwa upole kwamba hayo ni maji ya Canada.

"Baba," akanijibu, "kwani yale ya bombani kwa jirani ni yangu?"

Sikuwa na jibu. Nikampiga picha akiwa ameinama na ndoo yake, nikamtoza hela ya picha, na hela ya ndoo moja juu yake.